Klavikodi Si Babu wa Piano

Kila inapotajwa klavikodi, kinanda kidogo cha zamani chenye nyuzi ndani ya sanduku, huelezwa kuwa ni babu wa piano, kana kwamba ilizaliwa ili imwandalie mjukuu njia kisha ijifie. Maelezo hayo siyakubali, na sababu yangu imo ndani ya sanduku lenyewe.

Ukibonyeza kibao cha piano, nyundo huugonga uzi na kurudi nyuma papo hapo. Kinachobaki mikononi mwa mpigaji ni kuamua tu lini aukatize mlio. Hapsikodi, kinanda kingine cha zamani, nayo huukwanyua uzi kwa ncha ya unyoya wa ndege, na ubonyeze kwa nguvu au kwa upole, sauti hubaki karibu ileile. Katika klavikodi, mwishoni mwa kila kibao kimesimamishwa kipande chembamba cha shaba, ambacho huinuka, huugusa uzi, kisha hubaki kimeugandamiza mpaka kidole kiondoke. Kipande hicho ndicho kinachotoa mlio, na ndicho pia kinachoamua urefu wa uzi unaotetema, kwa kuwa upande wa pili wa uzi huo umesokotewa kitambaa cha kuunyamazisha. Mpigaji akitikisa kidole baada ya noti kulia, noti nayo hutikisika, kama afanyavyo mpiga fidla. Wajerumani waliuita mtikisiko huo Bebung, na hakuna piano, hata iwe ya bei gani, inayouweza. Akikandamiza kupita kiasi, noti hupanda na kuharibika, na uzembe wake humuumbua pale pale.

Ndiyo maana mtunzi wa muziki wa Kijerumani Carl Philipp Emanuel Bach, katika kitabu cha mafunzo alichokitoa Berlin mwaka 1753, aliona kwamba mpiga kinanda hupimwa vyema zaidi kwenye klavikodi. Wakati huo ilikuwa imepita takriban nusu karne tangu Bartolomeo Cristofori aunde piano huko Florence, kwa hiyo huyo babu na mjukuu wake waliishi nyumba moja muda mrefu. Mwaka 1781, alipoachana na klavikodi yake iliyoundwa na fundi wa vinanda Silbermann, Bach aliitungia muziki wa kuiaga.

Wengi huilaumu kwa udogo wa sauti, na ni kweli kwamba mazungumzo ya kawaida chumbani yanaweza kuifunika. Nami niliposikiliza rekodi yake kwa mara ya kwanza niliongeza sauti, nikasikia kelele za bati. Niliipunguza hadi nikalazimika kuzima feni, nikarudia kipande kilekile, na safari hii nikasikia noti moja ndefu ikitetemeka taratibu kabla ya kunyamaza.