Jaguar E-Type na Corvette ya 1963: farasi wengi, breki za ngoma

Kati ya magari haya mawili ya michezo, lipi bora? Ukisoma namba tu, mjadala unaisha kabla haujaanza. Chevrolet Corvette Sting Ray ya 1963 ina V8 (injini ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V) ya lita 5.4, na ile yenye injeksheni, yaani inayopuliziwa mafuta badala ya kutumia kabureta, inatoa nguvu za farasi 360. Jaguar E-Type, iliyozinduliwa Geneva Machi 1961, ina silinda 6 za mstari mmoja, lita 3.8, kabureta tatu na farasi 265. Pengo ni karibu farasi 100. Hata hivyo mimi naipa Jaguar ushindi, na sababu iko kwenye magurudumu.

Farasi hao wa pande zote mbili walipimwa injini ikiwa peke yake, nje ya gari, haina mzigo wa vifaa vyote inavyoviendesha barabarani. Halafu 360 ni ya injini ghali kuliko zote; Corvette ya kawaida ilianzia 250, nayo ni nzito kuliko Jaguar.

Lakini jambo kubwa ni breki. E-Type ina diski, yaani sahani inayobanwa na pedi, magurudumu yote manne. Corvette ya 1963 ina ngoma, yaani chungu cha chuma kinachosuguliwa kwa ndani. Shuka mlima mrefu ukikanyaga breki mara kwa mara: ngoma inapata joto kali, inatanuka, pedali inazidi kuzama na gari halisimami kama mwanzo. Diski iko wazi, upepo unaipooza. Gari la kasi hii lisiloweza kusimama vizuri mara ya tano kama mara ya kwanza, kwangu lina kasoro nzito.

Jaguar nayo si malaika. Ile maili 150 kwa saa iliyotangazwa, yaani kilomita 241, ilifikiwa na magari ya majaribio yaliyoandaliwa maalumu. Ya kawaida yaliishia chini ya hapo. Gia namba moja haina sinkronaizi, kifaa cha kusawazisha kasi ya meno ya gia kabla hayajashikana, kwa hiyo ukiiingiza gari likiwa bado linatembea, meno yanakwaruzana hadi unayasikia kwenye kiganja. Diski za nyuma zimebanwa kando ya difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma), katikati ya ekseli, na fundi hana budi kulala chini kuzifikia. Kwa fundi, V8 ya Corvette ni rahisi zaidi: kamshafti (mhimili unaofungua vali) moja katikati, kabureta moja kwenye injini za chini, na nguvu tele bila kuizungusha sana.

Tena, Corvette ya 1963 ndiyo Corvette ya kwanza kuuzwa ikiwa na suspensheni huru nyuma, yaani kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake, kama Jaguar. Hilo ni la kuheshimiwa.

Mwaka 1964 Jaguar iliongeza injini hadi lita 4.2, farasi walibaki 265, ila nguvu ya kuzungusha (torki) iliongezeka na gia zote zikapata sinkronaizi. Corvette ya 1965 ikaja na diski magurudumu yote manne. Anayeniwekea hiyo ya 1965 mezani, hoja yangu ya breki ameshaiondoa, na hapo nitalazimika kuyapima upya.