Wananilipa niwe redio

Watu nyumbani wakiniuliza Japani nafanya nini nawaambia nafundisha Kiingereza shule ya msingi, lakini tukiongea ukweli mimi huku ni redio. Mwalimu wa darasa ananiangalia, anainamisha kichwa kidogo, mimi nainua picha nasema "apple" mara tatu, watoto wanarudisha "appuru!" kwa sauti moja, na kipindi cha dakika 45 kinaisha hivyo hivyo. Jina la kazi ni ALT, yaani msaidizi tu, darasa si langu.

Miezi ya kwanza niliisahihisha hiyo "appuru" kwa bidii sana, si ndiyo nalipwa. Halafu siku moja nikasikiza vizuri. Hoteli wanasema hoteru, basi ni basu, shati ni shatsu, koti ni kooto, na kilabu, nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu, ni kurabu. Jamani si hawa ni sisi! Konsonanti mbili zikibanana wanachomeka irabu katikati, neno likikosa mkia wanalipa mkia, sisi mara nyingi i, wao mara nyingi u. Na hiyo L na R inayowasumbua, mimi nimetoka Kenya ya kati, lori na rori kwetu zilikuwa gari moja, na tulichekwa kwa kushrab, yaani kuongea na lafudhi ya lugha ya nyumbani, mpaka sekondari, sasa leo ndio mimi nimekalishwa mbele ya mtoto wa miaka minane nimwambie ulimi wake umekosea?

Tena nilivaa disk mimi. Waliosoma Kenya wanajua, kale kakitu unaning'iniziwa shingoni ukipatikana unaongea lugha ya nyumbani shuleni, na unazunguka ukitega sikio umpate mwingine umvishe kabla ya jioni. Nilidhani ni aibu yetu peke yetu mpaka nikajua kwamba Okinawa nako, vile visiwa vya kusini mwa Japani, mwanzoni mwa karne ya 20, watoto walivishwa kibao kwa kosa hilo hilo, wao wakilazimishwa Kijapani. Wanakiita hogen fuda.

Turudi darasani. Tangu 2020 Kiingereza ni somo kamili kwa darasa la tano na la sita, vipindi 70 kwa mwaka, la tatu na la nne wana 35. Anayebebeshwa mara nyingi ni yule yule mwalimu wa darasa anayefundisha hesabu, muziki, mazoezi, chakula cha mchana anakula nao darasani, na wakati wa usafi unampata ameshika tambara nao. Wengi hawakusomea kufundisha Kiingereza, wanakiogopa, kwa hiyo wanajificha nyuma yangu. Siwalaumu, ila naona ni makosa, maana mtoto anamwona mwalimu wake anayejua kila kitu ananyamaza Kiingereza kikiingia, anajifunza kwamba hiki kitu ni cha wageni.

Nitawaambia kwa nini nasema hivyo. Februari moja sauti ilinikauka kabisa, na ukikosa siku kampuni iliyonipeleka pale inakata mshahara, kama venye inakata Agosti shule zikifungwa, kwa hiyo nilienda hivyo hivyo na barakoa yangu. Mwalimu wa darasa la tano, mama wa makamo, alikuja kunichukua kwenye chumba cha walimu, nikamwonyesha koo, akafumba macho sekunde kama tatu hivi. Tukaingia. Akasimama mbele akasema, "I rike natto. I don't rike... piman." Darasa lilipasuka! Ati sensei hapendi pilipili hoho, na kila siku kwenye chakula anawaambia wamalize sahani! Mikono ikapanda, kila mtu anataka kusema asichopenda yeye, hata yule kijana wa dirishani ambaye mwaka mzima sikuwahi kusikia neno lake alisema hapendi maziwa, na "milk" yake ilikuwa miruku safi kabisa, hakuna aliyeisahihisha. Mimi nilikuwa kando naandika ubaoni. Ndicho kipindi bora nilichowahi kuhudhuria tangu nifike huku.

Wiki iliyofuata sauti ikarudi. Mwalimu alifurahi kweli, akanipa zile picha kwa mikono miwili, "onegaishimasu," yaani tafadhali, akarudi pale pembeni anaposimamaga siku zote. Ya juu kabisa ilikuwa tofaa.