Kilichokatazwa Bordeaux kisiuzwe Ilula

Kamwene wandugu. Ninaishi Gironde, mkoa wa mvinyo unaouzunguka mji wa Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, na kazi inayonilisha ni ya mashamba ya mizabibu. Kwetu ni Ilula, wilayani Kilolo, ambako nyanya ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba na ndiyo matibabu. Mzabibu na mnyanya vinashambuliwa na ukungu wa ukoo mmoja, ule unaokuja na mvua na kumaliza shamba ndani ya juma. Kwa miaka mingi, huku na huko, silaha kuu ilikuwa moja: mankozebu, dawa ya kuzuia ukungu. Desemba 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutohuisha idhini yake, kwa kuwa wataalamu wake waliona inavuruga homoni za mwili na inaweza kumdhuru mtoto angali tumboni. Wakulima wa huku wakapewa muda wa kumaliza kilichokuwa stoo, basi. Ilula bado inapulizwa, na nyanya zinapangwa kwenye matenga kwenda Dar es Salaam zikiwa na vumbi lake kwenye ganda.

Siandiki kuwaambia watu waache kupulizia. Asiyepulizia kabisa nyanya za masika Ilula havuni, na anayebisha hajawahi kulima masika. Ninachodai ni hiki: sumu ambayo nchi inayoitengeneza imeona haimfai mkulima wake, isisajiliwe kwa ajili ya mkulima wetu. Mwili wa dada yangu hauna ngozi nene kuliko ya jirani yangu Mfaransa.

Hebu niwaeleze utaratibu wa huku, kwa sababu wengi huko wanadhani sheria za Ulaya ni makaratasi tu. Anayenunua na kupulizia viuatilifu vya kazi, yaani dawa za kuua wadudu, ukungu au magugu, lazima awe na cheti, kinaitwa Certiphyto, na muuzaji pia lazima awe na cha kwake. Upepo ukizidi kilomita 19 kwa saa, haipulizwi. Ikishapulizwa, shamba linafungwa kwa watu: saa 6 kwa viuatilifu vya kawaida, saa 24 kwa vinavyounguza macho au ngozi, saa 48 kwa vikali zaidi, vikiwemo vinavyohusishwa na saratani. Kuanzia 2020 kuna umbali wa lazima kutoka kwenye nyumba za watu: mita 5 kwa mazao mafupi, mita 10 kwa mizabibu na miti ya matunda, mita 20 kwa viuatilifu vya hatari kubwa. Mwenye bustani ya nyumbani ndiyo kabisa: tangu Januari 1, 2019 haruhusiwi kununua viuatilifu vya kemikali, kuvitumia, wala hata kuwa navyo kwenye banda lake. Chupa tupu zinasuuzwa, zinakusanywa, zinarudishwa siku iliyotangazwa.

Sasa njoo kwenye kaunta ya duka la pembejeo pale kwetu. Mtoto wa darasa la tano anatumwa na mia tano tano zake, anapimiwa dawa kwenye chupa ya soda, anarudi nayo nyumbani kwenye mfuko mmoja na sukari. Lebo imebaki dukani. Utepe wa rangi, ambao ndio ungemwambia mama yake kwamba nyekundu ni hatari kuu na kijani ni afadhali, umebaki dukani. Muuzaji ndiye daktari, ndiye bwana shamba, na anaishi kwa faida ya kile anachokushauri ununue. Shemeji yangu huchanganya aina tatu kwenye bomba moja kwa sababu ndivyo alivyoelekezwa, anakoroga kwa kijiti, anavaa fulana na kandambili, anatembea juu ya mstari akiwa ndani ya ukungu wa bomba lake mwenyewe. Jioni kichwa kinamgonga, macho hayaoni vizuri, mate yanamjaa. Analala. Asubuhi anasema alipigwa na jua.

Dalili hizo zinajulikana vizuri. Viuatilifu vya jamii ya profenofosi na klopirifosi vinashambulia neva za mdudu, na neva za binadamu zinafanya kazi kwa njia ileile. Kuhusu klopirifosi, mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilisema mwaka 2019 kwamba haiwezi kutaja kiwango chochote kilicho salama, hasa kwa sababu ya ubongo wa mtoto, na Januari 2020 idhini yake ikaisha. Profenofosi haina idhini Ulaya tangu mapema miaka ya 2000. Hayo ndiyo majina ambayo mkulima wa nyanya wa kwetu anayajua kwa rangi ya chupa.

Ukilalamika utaambiwa kosa ni la mkulima, hakuvaa glavu, hakuvaa barakoa. Hapa ndipo ninapokasirika. Mimi ninavaa ile suti ya kujikinga, wandugu, katika nchi ya baridi, na bado Julai haivumiliki. Nani ataivaa kwenye joto la Ruaha Mbuyuni saa tano asubuhi? FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, wameliandika jambo hili waziwazi kwenye mwongozo wao wa kimataifa wa usimamizi wa viuatilifu: kiuatilifu kinachohitaji vifaa vya kujikinga ambavyo ni ghali, vinakera au havipatikani kirahisi, kiepukwe, hasa kwa wakulima wadogo wa nchi za joto. Maana yake kosa linaanzia kwa aliyekisajili kiuatilifu hicho, kabla hata shemeji hajafungua kizibo.

Msidhani lakini kwamba Wafaransa walipewa ulinzi huu kwa wema wa serikali yao. Waliugua kwanza. Mkulima mmoja, Paul François, alivuta mvuke wa dawa ya magugu mwaka 2004, akaishitaki kampuni ya Monsanto iliyoitengeneza, na mwaka 2020 mahakama ya juu kabisa ikathibitisha ushindi wake. Mwaka 2012 ugonjwa wa Parkinson uliingizwa kwenye orodha ya magonjwa ya kazi ya wakulima waliotumia viuatilifu. Mwaka 2015 ikafuata saratani moja ya tezi za limfu, na 2021 saratani ya tezi dume. Humuhumu Gironde, kijijini Villeneuve, Mei 2014, watoto wa shule ya msingi na mwalimu wao walianza kuumwa macho, koo na kichwa baada ya mizabibu ya jirani kupulizwa wakati wa masomo. Wazazi hawakukaa kimya. Kila mita ya umbali niliyoitaja hapo juu ina mtu nyuma yake aliyeumia, akapimwa, na jina la kilichomuumiza likaandikwa kwenye faili. Kwetu ugonjwa hauandikwi. Mtu anakufa kwa «kuumwa kichwa».

Na ulinzi hauna mwisho wa kupiganiwa. Mwaka 2025 Bunge la hapa lilipitisha sheria ya kurudisha asetamipridi, mojawapo ya sumu zinazoua nyuki, ambazo Ufaransa ilikuwa imezifungia tangu 2018. Zaidi ya watu milioni 2 walitia sahihi kupinga, na Agosti 7 Baraza la Katiba likakifuta kipengele hicho. Wakulima wengi walinuna, na nawaelewa. Mzigo wa gharama wanaubeba wao.

Upande mwingine wa Ufaransa hausimuliwi sana, na mtu wa kwetu anapaswa kuujua. Guadeloupe na Martinique ni visiwa vya Karibi vilivyo chini ya Ufaransa, bendera ileile, bunge lilelile, watu wake wengi wakiwa wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Wanalima ndizi. Kuanzia 1972 mashamba yao yalimwagiwa klodekoni kupambana na fukusi wa migomba, yuleyule anayewasumbua wenzetu wa Bukoba. Mwaka 1975 kiwanda kilichoitengeneza Marekani, mjini Hopewell, kilifungwa baada ya wafanyakazi kuanza kutetemeka mwili. Ufaransa iliiondolea idhini mwaka 1990, lakini visiwani ikaruhusiwa kuendelea hadi 1993. Leo zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wa visiwa hivyo wanayo kwenye damu, na kwenye baadhi ya mashamba haitaisha udongoni kwa karne kadhaa. Januari 2023 majaji wa Paris walifunga uchunguzi bila mtu yeyote kushitakiwa. Ikiwa raia wa nchi moja wametenganishwa na sheria kwa sababu ya bahari na zao la biashara, sisi tulio nje ya nchi hiyo tunategemea nani atukumbuke?

Hatukumbukwi, na nyaraka za usafirishaji zinaonyesha. Mwaka 2018 pekee, makampuni ya Ulaya yalitoa taarifa za kusafirisha nje zaidi ya tani 81,000 za viuatilifu vilivyokatazwa kutumika Ulaya kwenyewe. Vilivyoongoza ni vile vya parakwati, dawa ya magugu iliyoondolewa Ulaya na mahakama mwaka 2007 lakini ikaendelea kutengenezwa Huddersfield, Uingereza, kwa ajili ya mashamba ya wengine. Ufaransa ilijitahidi: kuanzia Januari 2022 sheria yake inazuia kusafirisha viuatilifu vya namna hiyo. Ila sheria ilitaja bidhaa iliyokamilika, ikaisahau kemikali yenyewe ikiwa ghafi, na kwenye pengo hilo biashara ikapita. Nasi tuna kumbukumbu yetu: mwaka 1986 shehena ya viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, sehemu yake ikiwa imepitwa na wakati, iliwekwa kwenye shamba la Vikuge, Kibaha. Banda likaanguka, sumu ikaingia ardhini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliupima udongo ule miaka mingi baadaye na bado wakaikuta DDT.

Dada yangu huniuliza swali gumu nikimweleza haya kwenye simu: «Sasa kaka, kantangaze nimuue na nini?» Ni swali la haki. Kantangaze, nondo mdogo anayeharibu nyanya, ametokea Amerika Kusini, akaingia Hispania 2006, Tanzania akaonekana 2014, na funza wake hujificha ndani ya jani ambako dawa haifiki. Ndiyo maana watu wanapuliza kila baada ya siku chache na bado wanakosa. Huo ndio ushahidi kwamba sumu kali haimlindi mkulima hata mavuno yake: mdudu amezizoea, mkulima hajazizoea. Zipo njia nyingine na si hadithi. Mitego ya harufu inayowanasa madume, mwarobaini, dawa za bakteria zinazoua funza tu, kung'oa na kuzika masalia baada ya mavuno, kuacha kupanda nyanya juu ya nyanya. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ilileta kutoka Peru nyigu wadogo wanaotaga ndani ya funza wa kantangaze. Lakini nyigu haji Ilula kwa miguu, wala mitego haimfikii mkulima kama afisa ugani hana pikipiki wala mafuta. Huku mkulima alipopokonywa mankozebu alikuwa na mshauri, alikuwa na utabiri wa ukungu kwenye simu, na alikuwa na mrututu (chumvi ya shaba) na chokaa, mchanganyiko uliobuniwa papa hapa Bordeaux miaka ya 1880, ambao nao leo una kikomo, kwa sababu shaba inajikusanya udongoni.

Wanaotutisha njaa hupenda kuitaja Sri Lanka. Waitaje yote. Mwaka 2021 serikali ya huko ilizuia kwa mpigo mbolea na viuatilifu vyote vya viwandani, mavuno yakaporomoka, ikabidi irudi nyuma ndani ya miezi michache. Kabla ya hapo, Sri Lanka hiyohiyo ilikuwa imeondoa viuatilifu vikali zaidi kimoja baada ya kingine kwa miaka mingi, mpaka parakwati. Mavuno hayakushuka kwa sababu hiyo, na vifo vya watu waliojiua, ambao wengi walikuwa wakinywa sumu za shambani, vilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili kutoka kilele cha 1995. Kijiji gani kwetu hakina familia iliyozika kijana kwa chupa ile? Hilo peke yake lingetosha kuziondoa sumu kali majumbani.

Wakenya wameanza. Mbunge Gladys Boss Shollei alipeleka ombi bungeni mwaka 2019, na Juni 2025 Waziri wa Kilimo, Mutahi Kagwe, akatangaza bidhaa kadhaa kuondolewa sokoni, 202 kuwekewa masharti na 151 kuchunguzwa upya, pamoja na msimamo kwamba kisichoruhusiwa nchi kilikotoka hakitasajiliwa Kenya. Sisi tuna Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020, na tuna mamlaka yake, TPHPA, pale Ngaramtoni, Arusha. Wataalamu wapo na maabara ipo. Ila mpaka wa Namanga na Holili uko wazi kwa kila mwenye pikipiki, na bidhaa zilizofukuzwa upande mmoja zitatafuta soko upande wa pili.

Bajeti ya Wizara ya Kilimo husomwa Dodoma kabla ya Julai kila mwaka. Nimemwandikia mbunge wa Kilolo nikimwomba aulize swali moja, na nawaomba wa Ilula, Karatu, Lushoto na Ngarenanyuki mmuulize wa kwenu vilevile: ni viuatilifu vipi vilivyosajiliwa Tanzania ambavyo haviruhusiwi katika nchi vinakotengenezwa, kila kimoja kinaondoka tarehe gani, na mkulima anayekitegemea anapewa nini badala yake, na nani atampelekea shambani? Jibu lisomwe kwa majina, liingie kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, kisha libandikwe kwenye kila duka la pembejeo, kwa Kiswahili.