Hawa vijana wanalala saa ngapi?

Ndugu mwandishi, makala yako inawasifu vijana wa Mbagala wanaoamka saa tisa usiku wakanyanyue vyuma kabla ya kwenda kazini Kariakoo. Bidii yao naiheshimu. Lakini hukuwauliza wanalala saa ngapi, na kwa foleni zetu hizi wengi wanafika nyumbani saa nne usiku, bado hawajala wala kuoga.

Mwaka 1994 Reilly na Piercy walichapisha utafiti wa wanaume waliolala masaa 3 tu kila usiku, kwa siku 3 mfululizo. Zoezi la kukunja mkono halikuathirika sana kwenye uzito wa juu kabisa. Yaliyoporomoka ni yale makubwa: kusukuma chuma ukiwa umelala benchini, kusukuma kwa miguu, kunyanyua kutoka chini. Hayo ndiyo yanayojenga mwili! Kukosa usingizi usiku mmoja mara nyingi hakuondoi nguvu nyingi. Balaa ni siku za hivyo zikifuatana. Tena utafiti wa Australia wa 2021 ulionyesha kuwa kukesha usiku mmoja tu kulipunguza utengenezaji wa protini ya misuli kwa asilimia 18. Kwa hiyo kijana anabugia mayai na maharage, faida yote haipati.

Wadogo zangu, ukiwa hukulala vizuri punguza uzito siku hiyo, na usilale chini ya chuma bila mtu wa kukusimamia. Wenye jimu nao wafungue jioni na Jumapili, maana wengi wanaamka usiku huo kwa kukosa muda mwingine.