Burkitt na nyuzinyuzi: swali zuri, jibu la haraka

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira na baadaye hospitali ya Mulago jijini Kampala, angekumbukwa hata kwa makala yake ya 1958 peke yake, ile ya uvimbe wa taya kwa watoto, saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Lakini jina lake limeingia mpaka jikoni kwa sababu ya utumbo. Ukisikia mtu anashauriwa aache sembe ale dona ili aepuke saratani ya utumbo mpana, ushauri huo umepitia kwake.

Hakuanza yeye. Peter Cleave, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, alishailaumu sukari na unga uliokobolewa. Hugh Trowell naye, baada ya miaka mingi Kenya na Uganda, alishaandika juu ya magonjwa yasiyoambukiza Afrika. Kipaji cha Burkitt kilikuwa kuuliza. Aliziandikia hospitali za misheni: mmeona wagonjwa wangapi wa kidole tumbo, wa bawasiri, wa saratani ya utumbo? Akajibiwa kwamba ni wachache mno. Mwaka 1972, pamoja na Alec Walker na Neil Painter, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo ambavyo bado vinanukuliwa: chakula kilipita tumboni mwa wanakijiji wa Uganda kwa takriban saa 36, na choo chao cha siku kilikaribia gramu 470, ilhali kwa mabaharia Waingereza chakula kilichukua zaidi ya saa 80, choo kikiwa gramu 100 hivi. Sababu, alidai, ni nyuzinyuzi, ile sehemu ya mimea ambayo tumbo haliimeng'enyi: choo kikipita upesi, sumu hazipati muda wa kuudhuru utumbo.

Vipimo vile sina shida navyo. Shida yangu ni daraja lililojengwa kutoka hapo hadi kwenye saratani. Hospitali ya misheni ya wakati ule haikuwa na kamera ya kuchungulia utumbo, na wazee wengi walifia nyumbani bila kupimwa. Tena mwanakijiji yule hakutofautiana na Mwingereza kwa nyuzinyuzi tu: nyama aliila kwa nadra, mafuta kidogo, na jembe alilishika kila siku. Wala utumbo wake haukuwa salama kiasi hicho. Kujisokota kwa utumbo mpana, dharura inayoua, kumeonekana sana katika jamii hizihizi zinazokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, jambo ambalo mashabiki wa pumba hulitaja mara chache.

Pigo lilikuja baadaye. Mwaka 1999, utafiti wa wauguzi wa kike zaidi ya 88,000 nchini Marekani haukuona kinga yoyote. Mwaka uliofuata, majaribio mawili yaliwapa nyuzinyuzi zaidi watu waliokwisha kutolewa vinundu vya utumbo, vijinyama vinavyoweza kugeuka saratani; vinundu vikarudi vilevile. Wengine wakatangaza kwamba nadharia imekufa. Mimi naona walikimbilia mazishi: saratani hii huchukua miaka mingi kukua, na majaribio yale yalidumu mitatu hadi minne. Na mwaka 2003 utafiti wa Ulaya wa watu zaidi ya 500,000 ukaonyesha kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walipata saratani hiyo kwa kiasi cha robo pungufu. Leo Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima ale angalau gramu 25 kwa siku. Kwa moyo na kisukari ushahidi ni mzuri pia, kwa hiyo dona halina hasara. Hasara ni kwa mtu anayeona damu chooni halafu anajituliza kwamba yeye ni mlaji wa dona.

Jaribio linalomtetea Burkitt vizuri kuliko yote lilichapishwa mwaka 2015. Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa vijijini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Bakteria wa tumboni wakabadilika, na dalili za hatari kwenye ukuta wa utumbo zikapungua kwa Wamarekani, zikapanda kwa Waafrika. Ila Wamarekani hawakuongezewa nyuzinyuzi tu; nyama na mafuta vilipunguzwa wakati huohuo. Mchanganyiko uleule uliomtatiza Burkitt mwaka 1972 ulikuwa bado mezani.