Njia zako zote zimekupa 0? Bado hujathibitisha kitu

Hii naiona kila msimu wa pepa za kalkulasi chuoni na inaniuma kweli. Swali linakupa fanksheni ya variabo mbili, linasema onyesha kama limiti (namba moja ambayo fanksheni inaikaribia) ipo pale (x, y) inapokaribia (0, 0), mwanafunzi anapita mhimili wa x anapata 0, anapita mhimili wa y anapata 0, anaweka y = mx (mstari mnyoofu wa mteremko m unaopita (0, 0)) anapata 0 tena, alafu anaandika "kwaiyo limiti ni 0" na anahamia swali linalofuata. Hapana jamani. Na lawama kubwa naiweka kwenye namna tunavyofundisha hii topiki, sio kwa mwanafunzi.

Ukiwa na variabo moja unaijia namba kutoka kushoto au kulia basi, ukicheki pande zote mbili kazi imeisha. Ukiwa na variabo mbili uko kwenye bapa zima, unaweza kuja kwa mstari, kwa parabola, kwa kuzungukazunguka, njia hazina mwisho, na limiti ipo pale tu zote zinapokupeleka kwenye namba ileile.

Mfano wa kwanza kwenye kila notsi ni xy/(x² + y²). Weka y = mx, x zinakatana zote unabaki na m/(1 + m²). m ikiwa 0 unapata 0, ikiwa 1 unapata nusu, limiti haipo, tumemaliza. Sawa kabisa, ila hapo ndo mtu anapoanza kuamini kuwa mistari ndo kipimo.

Sasa chukua x²y/(x⁴ + y²). Weka y = mx, inakuwa mx/(x² + m²), inaenda 0 kwa kila m, na mihimili yote miwili nayo inatoa 0. Yani mistari minyoofu yote duniani inakubaliana! Alafu pita kwenye y = x². Weka x = 0.1 na y = 0.01: juu unapata 0.0001, chini 0.0002, jibu nusu. Sogea karibu zaidi, x = 0.01 na y = 0.0001, bado nusu. Haishuki hata kidogo. Limiti haipo.

Wapo wanaokimbilia pola (kuitaja nukta kwa umbali r kutoka (0, 0) na pembe θ) wakidhani itawaokoa. Ukibadilisha unapata r cos²θ sin θ/(r² cos⁴θ + sin²θ), wanaishikilia θ palepale, r inaenda 0, wanasema jibu 0. Lakini θ ukiishikilia unatembea kwenye mstari mnyoofu, ni mistari ileile tu. Pola inafaa pale ukipata kikomo cha juu kinachoenda 0 bila kuitegemea θ kabisa, na hili notsi nyingi zinalipita kimya.

Wala sio jambo dogo la kuwacheka wanafunzi. Cauchy, mtu mkubwa kabisa kwenye hesabu hizi, kwenye kitabu chake cha 1821 alidai kuwa fanksheni ikiwa endelevu (yani haina miruko) kwa kila variabo peke yake basi ni endelevu kwa zote kwa pamoja. Ileile xy/(x² + y²), ukiipa 0 pale (0, 0), inaliangusha hilo dai: kwa kila variabo peke yake haina mruko, ila pale (0, 0) limiti haipo.

Kwaiyo msimamo wangu ni huu: njia zinaweza kuua limiti, haziwezi kuithibitisha, na tuanze kufundisha upande wa kuthibitisha kwanza, maana ndo unaoachwa mpaka dakika kumi za mwisho za kipindi. Angalia x²y/(x² + y²). x² haiwezi kuzidi x² + y², kwaiyo x²/(x² + y²) haizidi 1, kwaiyo thamani kamili (ukubwa bila kujali alama ya kutoa) ya kitu kizima haizidi ya y. y inaenda 0, nayo inaburutwa hukohuko, uje kwa njia yoyote unayotaka. Umemaliza, na hujachagua njia hata moja.

Na wanaotunga pepa nawaomba waweke hii na ile ya x⁴ kwenye swali moja, (a) na (b), zinafanana sana kwa macho. Anayejibu zote mbili kwa y = mx peke yake asipewe maksi za uthibitisho, hata kama kwenye (a) namba yake imetoka sahihi.