Tumeshirikishwa, Soda Tumekunywa

Katika sakata lote hili la kuondolewa kwa matatu za Kakuyuni kwetu, aliyeniambia ukweli ni makanga peke yake. Jumapili jioni, stejini hapa Malindi mjini, nimeshatia mguu mmoja garini, akanizuia kwa kiganja. "Mzee, mwisho Ganda. Kakuyuni hatufiki tena."

"Tangu lini?"

"Tangu saa hizi, mzee wangu."

"Na mbona hatukuulizwa?"

"Mtaulizwa Jumanne."

Hana ofisi, hana kipaza sauti, na habari imenifika yote.

Wakubwa wenye ofisi walibandika notisi ya mkutano Jumatatu, nje ya kwa chifu, kwa Kiingereza, na gundi yenyewe ya unga wa ngano. Mbuzi wa kwetu mwawajua. Nilipopita asubuhi hiyo nusu ya chini ilikuwa imeshaliwa, na huko chini ndiko kulikokuwa na saa na mahali pa mkutano. Kwa hiyo wa kwanza kushirikishwa alikuwa mbuzi, na hakutoa maoni.

Maana kushirikishwa ni haki, jamani. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi pamoja na maadili ya taifa. Jedwali la Nne nalo linasema usafiri wa umma wa barabarani ni kazi ya kaunti. Vizuri. Lakini leseni ya matatu hutolewa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ambayo ni ya serikali kuu. Basi ukilalama dirisha hili waambiwa nenda lile, ukifika lile waulizwa kwani ulianzia wapi. Ukimrudia mwenye gari, atakwambia gari ni lake, dizeli ni yake, na mchana harudi na abiria ila wawili na kuku. Hapo, kusema kweli, simlaumu sana. Kuku mwenyewe halipi.

Mkutano ukafanywa mjini, saa tatu asubuhi. Yaani watu walioondolewa gari waliitwa mahali pa kwenda kwa gari! Tulipanda boda, mishikaki, watu watatu na dereva wa nne, tukafika na vumbi hadi kwenye kope.

Mlangoni kuna meza, na mezani kuna fomu. Jina, kitambulisho, simu, sahihi. Hujatia sahihi, hupati soda. Ndani kuna projekta na ramani ya mistari ya rangi, na bwana mmoja mwenye shati la kupigwa pasi hata mikunjo inakata, anatuhubiria "uboreshaji wa mtandao wa usafiri". Nusu saa nzima neno "kuondoa" halikumtoka mdomoni. Njia "imewianishwa". Kakuyuni "itahudumiwa kwa mfumo mbadala". Mfumo mbadala ulikuwa nje, unapiga honi, unadai hela yake.

Mama mmoja muuza maembe akainuka, akashika kiuno. "Mwanangu, huo mstari mwekundu uliokatika pale, ndio mimi?"

"Maoni yako yamechukuliwa, mama."

"Yamepelekwa wapi?"

Ukumbi ukacheka. Bwana akaandika kitu, au alijifanya kuandika, maana nilikuwa mstari wa mbele na kalamu ilikuwa na kifuniko. Mama akabaki wima, anangoja jibu. Akaletewa soda ya pili.

Sasa ripoti imetoka. Imeandikwa kwamba wakazi walihudhuria kwa wingi, wakashirikishwa kikamilifu na kuunga mkono mabadiliko. Ushahidi ni nini? Fomu ya mlangoni, imeambatishwa nyuma, na sahihi yangu pale, imenyooka, nzuri kuliko niliyotia kwenye cheti cha ndoa. Mama watoto ameisoma, akaniuliza, "Baba, kumbe ni wewe uliyeondoa matatu?" Tangu hapo akirudi kwa miguu kutoka Ganda na kikapu kichwani, haniamkii.

Na juzi wamebandika notisi nyingine. Ni mkutano wa kutathmini athari za kuondolewa kwa njia ya Kakuyuni. Mahali ni palepale mjini, saa mbili asubuhi, na tumeombwa kuwahi kwa sababu viti ni vichache. Nimempigia kijana wangu wa boda kuweka nafasi. Ananiambia siku hiyo nauli ni mara mbili, wateja ni wengi, wote wanaenda mkutanoni. Naye vilevile hakuuliza mtu.